Kuondoa Drafti: Mwongozo Kamili wa Kutuliza Hesabu za Maji Yanayopita Kwenye Udongo

Picha ninayotumiwa ni ileile kila mara. Ramani ya kimo cha maji imejaa mabaka, nyekundu na bluu zikipokezana kisanduku kwa kisanduku kama ubao wa drafti kijiweni. Chini yake kuna swali: "Nimekosea wapi?" Aliyetuma ameshapunguza ukubwa wa elementi (vile vipande vidogo vinavyogawa eneo la hesabu) mara tatu, na drafti imezidi kuwa kali.

Hajakosea kuandika programu. Amechagua jozi ya elementi, moja ya kasi na moja ya kimo, isiyoweza kufanya kazi bila kitulizo, yaani neno la ziada kwenye mlinganyo linalozuia drafti hiyo. Halafu anakuja mwingine ambaye ameweka kitulizo, na bado anapata upuuzi. Huyu wa pili ndiye niliyemwandikia hasa, kwa sababu katika faili nilizokagua, kitulizo chenyewe huwa hakina kosa. Kosa liko kwenye alama za kujumlisha na kutoa, au kwenye vipimo, au mpakani.

Kazi tunayoifanya ni moja: kupata kasi na kimo cha maji kwa pamoja, kwa mlinganyo wa Darcy, sheria ya maji yanayopita kwenye udongo, kwa kutumia elementi za mstari za pembetatu (ndani ya kila moja thamani hubadilika kwa mstari ulionyooka) kwa vigeu vyote viwili, kwa njia ya watafiti Masud na Hughes ya mwaka 2002.

## Unachohitaji

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8. Kwa mifano ya hapa hata GB 4 inatosha.
- FEniCS, programu ya kutatua milinganyo kwa elementi. Kwenye Windows ipitishe ndani ya WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Kama kompyuta yako ni dhaifu, tumia Google Colab kupitia FEM on Colab. Andaa bando, maana kila ukianza upya inapakua tena.
- Gmsh ya kuchora wavu wa elementi, na ParaView ya kutazama majibu.
- Karatasi na kalamu. Sitanii. Hatua ya 3 haifanyiki kwenye skrini.
- Ujuzi wa kufanya intigrali kwa sehemu, na kujua mteremko (grad) na mtawanyiko (div) ni nini.
- Thamani za upitishaji maji wa udongo wako, K, kutoka maabara au kwenye jaribio la kisima.

Herufi tutakazotumia: v ni kasi ya Darcy, yaani ujazo wa maji unaopita kwenye mita moja ya mraba ya udongo kwa siku moja. Si kasi ya tone lenyewe. Tone hupita kwenye vinyweleo tu, hivyo huenda haraka zaidi. Kama vinyweleo ni 0.3 ya udongo, gawanya v kwa 0.3 ndipo upate mwendo wa tone. p ni kimo cha maji kwa mita, kile ambacho ungekisoma kwenye bomba la kupimia lililochomekwa ardhini. Kimo kimeshabeba uzito wa maji ndani yake, kwa hiyo hatutakuwa na neno la uvutano popote. w na q ni funksheni za majaribio za v na p, yaani zile tunazozidisha nazo milinganyo kabla ya kufanya intigrali.

Milinganyo ni miwili:

K⁻¹v + ∇p = 0
div v = f

ambapo f ni maji yanayoingizwa au kuchotwa.

Onyo kabla hujafungua kompyuta: Darcy ni sheria ya maji yanayokwenda taratibu kwenye vinyweleo vidogo. Kwenye mwamba wa matumbawe wa Unguja au pwani ya Kenya, maji mengi hukimbia ndani ya mapango na nyufa zilizolika. Hapo hakuna kitulizo kitakachokusaidia, kwa sababu mlinganyo wenyewe si wake.

## Hatua ya 1: Rekebisha vipimo kwanza

Wengi huanza na vipimo vya fizikia: mnato wa maji 0.001 Pa·s, na upenyekaji wa mchanga 10⁻¹¹ m². Sasa tazama kinachotokea ndani ya matriksi. Sehemu ya kasi inazidishwa kwa mnato gawanya kwa upenyekaji, yaani 10⁸. Sehemu ya mteremko wa shinikizo inazidishwa kwa kinyume chake, 10⁻⁸. Kati ya namba hizo mbili kuna umbali wa tarakimu 16, na namba za kawaida za kompyuta hubeba tarakimu 16 hivi tu. Kitatuzi kinajumlisha tembo na sisimizi kwenye mzani mmoja, sisimizi hasomeki, halafu lawama anabebeshwa Hughes.

Hamia kwenye mita na siku. Mchanga wenye K = 10⁻⁴ m kwa sekunde, ukizidisha kwa sekunde 86,400, unakuwa 8.64 m kwa siku. Tope lenye K = 10⁻⁶ linakuwa 0.0864. Namba zote sasa zinakaa karibu na moja.

Dalili ya kufaulu: chapisha thamani kubwa na ndogo kabisa ya K na ya K⁻¹. Kama kati ya kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote umbali ni tarakimu nne au tano, endelea. Ukiona 12, rudi.

## Hatua ya 2: Uone ugonjwa kwa macho yako

Usiruke hatua hii, ingawa inatoa jibu baya kwa makusudi. Ukiijua sura ya ugonjwa, siku nyingine utautambua hata ukijificha nyuma ya rangi laini za ParaView.

Chukua mraba wa 1 kwa 1, wavu wa 16 kwa 16, K = 1. Weka f = 2π² cos(πx) cos(πy), na ufunge pande zote nne: maji yasiingie wala kutoka. Jibu la kweli linajulikana:

p = cos(πx) cos(πy)
v = (π sin(πx) cos(πy), π cos(πx) sin(πy))

Nimechagua jibu hili kwa sababu kasi yake inakuwa sifuri yenyewe kwenye kila ukuta, hivyo mpaka hauna ujanja wowote. Kwa kuwa pande zote zimefungwa, kimo kinajulikana kwa tofauti tu. Shikilia nodi (kona ya elementi) moja: kwenye kona (0,0) weka p = 1.

Andika fomu ya kawaida bila kitulizo, yaani milinganyo iliyozidishwa kwa w na q; mabano (a, b) ni intigrali ya a mara b kwenye eneo lote:

(w, K⁻¹v) − (div w, p) + (q, div v) = (q, f)

Iendeshe. Kitatuzi kinaweza kukataa kikisema matriksi haina kinyume, au kikakupa p yenye namba za ajabu na drafti juu yake. Inashangaza kwamba v huenda ikaonekana nzuri tu. Hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Sababu ni hii. Katika fomu hiyo, kimo kinasikika kupitia mtawanyiko wa w peke yake. Kasi na kimo vikiwa vya mstari vyote viwili, kuna mipangilio ya p ya kupanda na kushuka ambayo w yoyote ile utakayochagua haiioni: intigrali inatoka sifuri. Mpangilio usioonwa hauzuiwi na kitu, hivyo unaweza kuongezwa kwenye jibu kwa kiasi chochote. Hilo ndilo sharti la Babuška na Brezzi likivunjwa. Kupunguza ukubwa wa elementi hakulirudishi. Kunaongeza visanduku vya drafti.

Na usikimbilie elementi za Taylor na Hood (kasi ya daraja la pili, kimo cha mstari) ati kwa sababu zilikufaa kwenye Stokes, mlinganyo wa vimiminika vinavyokwenda taratibu kwa mnato. Stokes ina msuguano wa mnato unaoshika miteremko ya kasi. Darcy haina. Jozi iliyo salama kule inaweza kupoteza usahihi wake huku.

## Hatua ya 3: Ongeza kitulizo, kisha ukague alama kwenye karatasi

Kitulizo ni neno moja linaloongezwa:

+ ½ ( −K⁻¹w + ∇q , K(K⁻¹v + ∇p) )

Angalia mabano ya kulia. Ndani yake ni mlinganyo wa Darcy wenyewe. Jibu la kweli linayafanya kuwa sifuri, kwa hiyo neno hili halimsumbui aliye sahihi. Linamsumbua anayepotoka tu, na drafti ni mpotovu: ina mteremko mkali kila mahali.

Kwa FEniCS fomu nzima inakuwa hivi:

```
# v, p: visivyojulikana, w, q: majaribio
a = (1/K)*inner(v, w)*dx - p*div(w)*dx + q*div(v)*dx \
  + 0.5*inner(-(1/K)*w + grad(q), v + K*grad(p))*dx

# ds(1): pande ambazo kimo kinajulikana, pD; n: mshale wa urefu wa moja unaotoka nje, pembe mraba na ukuta
L = q*f*dx - pD*inner(w, n)*ds(1)
```

Sasa chukua kalamu. Weka w = v na q = p kwenye fomu ya kushoto. Maneno mawili ya div yanafutana, kwa kuwa moja lina kutoa na jingine kujumlisha. Kwenye kitulizo, v·∇p inatokea mara mbili kwa alama tofauti, nayo inafutika. Unachobaki nacho lazima kiwe hiki:

½ K⁻¹|v|² + ½ K|∇p|²

Vyote viwili ni chanya. Maana yake ni kwamba kasi imeshikwa na mteremko wa kimo nao umeshikwa. Drafti haina pa kujificha. Ukipata kitu kingine kwenye karatasi, usiendeshe programu. Hakuna cha kuona huko.

Hapa ndipo wanapoanguka wengi, na mimi nimo. Kuna waandishi wanaopenda fomu yenye ulinganifu, hivyo wanaandika −(q, div v) badala ya +(q, div v). Hakuna ubaya, ila wakibadili alama hiyo wanabadili pia alama ya ∇q kwenye kitulizo. Niliwahi kuchukua sehemu ya kwanza kwenye makala moja na kitulizo kwenye nyingine. Kila makala ilikuwa sahihi peke yake. Nilipoteza wiki nzima nikibadilisha wavu. Ukichanganya hivyo, alama ya |∇p|² inageuka kuwa hasi: badala ya kutuliza, unaichochea.

Fomu ya ulinganifu, kama unaitaka, ni hii, na iandike yote kutoka sehemu moja:

(w, K⁻¹v) − (div w, p) − (q, div v) − ½ ( K⁻¹w + ∇q , K(K⁻¹v + ∇p) )

Kwa nini ½? Weka θ badala ya ½ na urudie zoezi la karatasi. Utapata (1−θ) mbele ya kasi na θ mbele ya kimo. θ ikiwa sifuri, kimo kinaachiliwa. Ikiwa moja, kasi inaachiliwa. Nusu inagawana sawa.

Usiweke ukubwa wa elementi. Wanaotoka kwenye Stokes wamezoea kuweka mraba wa ukubwa wa elementi mbele ya kitulizo. Hapa hauhitajiki. Kagua vipimo: K⁻¹|v|² ni mita kwa siku, K|∇p|² nayo ni mita kwa siku. K imeshabeba kila kitu, na ½ ni namba tupu. Ukiingiza mraba ule, kitulizo kinafifia kila unapopunguza wavu, na drafti inarudi taratibu kwenye wavu mdogo, pale ambapo ungetarajia jibu bora.

Dalili ya kufaulu: rudia mfano wa Hatua ya 2 na kitulizo. p inakuwa kilima laini kwenye kona mbili zinazotazamana na bonde kwenye kona mbili nyingine. Hakuna baka hata moja.

## Hatua ya 4: Mpaka, mahali pa pili pa kuangukia

Katika fomu hii mambo yamegeuka ukilinganisha na hesabu za kawaida za kimo peke yake. Kimo kinachojulikana kinaingia upande wa kulia kama intigrali, lile neno lenye pD. Usikishikilie tena kwenye nodi (ile nodi moja ya Hatua ya 2 ni kwa chumba kilichofungwa pande zote tu). Kasi ya kuvuka ukuta ndiyo inayoshikiliwa kwenye nodi.

Tena, shikilia kijenzi cha kuvuka ukuta tu. Ukuta wa wima uliofungwa: v ya mlalo ni sifuri, v ya wima iache huru. Nimeona faili nyingi zilizoweka v nzima kuwa sifuri ukutani, mazoea ya Navier na Stokes, ambako maji hugandana na ukuta. Maji ya Darcy huteleza. Ukiyagandisha, utaona tabaka jembamba la kasi bandia kando ya kila ukuta.

Ukuta ukiwa wa mshazari, kushikilia nodi kunakuwa balaa, na kwenye kona nodi moja ina kuta mbili zenye mielekeo tofauti. Njia safi ni kuandika sharti ndani ya fomu. Kwa ukuta ambao maji yanayouvuka yanajulikana kuwa ψ, ongeza kushoto (⟨ ⟩ ni intigrali juu ya ukuta huo peke yake):

+ ⟨p, w·n⟩ − ⟨q, v·n⟩

na kulia:

− ⟨q, ψ⟩

Fanya tena zoezi la w = v, q = p: maneno hayo mawili yanafutana, na utulivu wako unabaki ulivyokuwa.

## Hatua ya 5: Kutatua

Hapa sitakaa. Matriksi ya fomu ya kwanza haina ulinganifu, kwa hiyo usitumie kitatuzi cha CG, kinachotaka matriksi yenye ulinganifu. Tumia LU, njia ya kutatua moja kwa moja, kupitia programu ya MUMPS. Wavu wa 64 kwa 64 una nodi 4,225 na visivyojulikana 12,675. Hiyo ni kazi ya kitambo kidogo hata kwa laptopu ya zamani. Kwa maumbo ya 3D utahamia GMRES, kitatuzi cha hatua kwa hatua, lakini usihamie huko kabla ya kumaliza hatua zinazofuata, la sivyo hutajua kama kosa ni la fomu au la kitatuzi.

## Hatua ya 6: Jaribio la tabaka mbili, ambalo halikubali kisingizio

Chora mraba wa mita 10 kwa 10. Nusu ya juu ni mchanga, K = 8.64. Nusu ya chini ni tope, K = 0.0864. Kuta za pembeni zimefungwa. Juu kuna maji yaliyotuama mita 2: kimo cha juu ni 12, cha chini ni 10. Maji yanashuka.

Jibu lipo kwa kikokotoo cha mkononi. Maji yanapita tabaka moja baada ya jingine, hivyo vizuizi vinajumlishwa:

5 ÷ 8.64 + 5 ÷ 0.0864 = 0.579 + 57.870 = siku 58.449
v = 2 ÷ 58.449 = 0.0342 m kwa siku, kuelekea chini

Kimo kinashuka sentimita 2 tu ndani ya mchanga (mita 0.0198), na mita 1.98 zote zilizobaki ndani ya tope. Kwenye mpaka wa tabaka kimo ni mita 11.980. Kwa maneno mengine, mchanga haupo. Tope ndilo linaloamua. Anayechukua wastani wa K mbili, 4.36, anapata maji mara 25 zaidi ya yaliyopo.

Sasa endesha programu. Kasi hapa ni namba moja kila mahali na kimo ni mistari miwili iliyonyooka. Vyote viwili viko ndani ya elementi za mstari, na kitulizo hakimgusi aliye sahihi. Kwa hiyo sikubali "karibu". Dalili ya kufaulu: namba zinafanana hadi tarakimu ya kumi au zaidi, hata kwenye wavu wa elementi nane.

Kama hazifanani, sababu ni mojawapo ya hizi, na nimezipanga kwa jinsi ninavyokutana nazo:

1. Wavu haufuati mpaka wa tabaka. Elementi moja imekaa nusu kwenye mchanga nusu kwenye tope. Kwenye Gmsh hakikisha mstari wa y = 5 ni mstari wa kweli unaogawa maeneo mawili.
2. K imewekwa kama kigeu cha nodi, ikalainishwa kati ya tabaka. Iweke kwa elementi, namba moja kwa kila elementi.
3. Alama ya neno lenye pD imegeuzwa. Hapo kasi itatoka na ukubwa sahihi lakini maji yanapanda.

## Hatua ya 7: Pima kosa linavyopungua

Rudi kwenye mfano wa kosini. Endesha wavu wa 8, 16, 32 na 64. Kila mara pima kosa la p na kosa la v kwa intigrali ya mraba, kisha gawanya kosa la kila wavu kwa la wavu unaofuata.

Kosa la kimo lipungue karibu mara nne kila unapopunguza elementi kwa nusu. Kosa la kasi lipungue mara mbili au zaidi. Kwenye wavu uliopangwa vizuri mara nyingi linapungua haraka kuliko nadharia inavyoahidi, usishtuke.

Mitego iko miwili. Wa kwanza: wengine hulinganisha jibu lao na jibu la kweli lililokwisha kuwekwa kwenye nodi zilezile za mstari. Kosa linaonekana dogo kwa uongo. Weka jibu la kweli kwenye elementi za daraja la juu zaidi, la tatu kwa mfano, ndipo utoe. Wa pili: kwa kuwa ulishikilia kimo kwenye kona moja, toa wastani wa p kwenye majibu yote mawili kabla ya kulinganisha. La sivyo kosa la nodi ile moja linabebeshwa ramani nzima.

Na ukiona mchongoma wa p umechomoza kwenye kona uliyoishikilia, jumla ya f yako si sifuri. Umefunga chumba kisha unamwaga maji ndani. Kompyuta imeyatafutia pa kutokea, na ni pale tu palipokuwa na tundu.

## Hatua ya 8: Hesabu maji, lita kwa lita

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ni ya mistari miwili.

Weka q = 1 kila mahali kwenye fomu. Mteremko wa moja ni sifuri, hivyo kitulizo kinatoweka, na unabaki na hili: maji yanayotoka mipakani (kwenye kuta za ψ za Hatua ya 4 hesabu ψ yenyewe) ni sawa na jumla ya f. Si karibu sawa. Sawa, kwa usahihi wa kitatuzi. Hilo linawezekana kwa sababu kimo cha mpakani hatukukishikilia kwenye nodi. Aliyevunja onyo la Hatua ya 4 atalilipia hapa.

```
yanayotoka = assemble_scalar(form(inner(v_jibu, n)*ds))
yaliyowekwa = assemble_scalar(form(f*dx))
```

(Hiyo ni ya DOLFINx, FEniCS mpya. Kwenye FEniCS ya 2019 andika `assemble` peke yake, bila `form`.)

Lakini mizania hii ni ya eneo zima. Ndani ya elementi moja moja maji hayalingani kamili, kwa kuwa kitulizo kinayasogeza kidogo kati ya majirani. Kama unataka ramani ya kimo na jumla ya maji yanayovuja chini ya tuta, huna tatizo. Kama unataka kufuata chumvi au sumu inayobebwa na maji, una tatizo kubwa: elementi isiyolingana inazalisha chumvi kutoka hewani. Ongeza neno

+ ( h²K⁻¹(div v − f), div w )

ambapo h ni ukubwa wa elementi. Hapa ndipo mahali pake, si kwenye kitulizo cha Hatua ya 3. Linapunguza tatizo bila kulimaliza. Anayehitaji kulimaliza atumie elementi za Raviart na Thomas, zilizoundwa kwa kazi hiyo, na aachane na mwongozo huu bila kinyongo.

## Hatua ya 9: Geuza maji yaende mlalo

Chukua tabaka zilezile mbili. Funga juu na chini. Kimo cha kushoto kiwe 12, cha kulia 10. Mteremko ni 0.2 kila mahali, hivyo kwenye mchanga kasi ni 1.728 m kwa siku na kwenye tope 0.01728. Kuvuka mstari wa y = 5, kasi inaruka mara mia kwa hatua moja.

Elementi zako za kasi haziwezi kuruka. Zimeunganishwa nodi kwa nodi. Nodi iliyo mpakani inavutwa upande wa tope, kwa sababu K⁻¹ ya tope ni kubwa na kosa la huko linaadhibiwa zaidi. Nodi ya kwanza ndani ya mchanga inajibu kwa kupaa juu ya thamani ya kweli, na inaweza kupaa kwa robo nzima. Inayofuata inashuka kidogo, na mawimbi yanakufa baada ya safu chache.

Mawimbi haya si drafti, na watu huchanganya. Drafti huenea eneo lote na hukaa kwenye kimo. Mawimbi haya hukaa kwenye kasi, kando ya mpaka wa tabaka tu, na kimo kinabaki kizuri. Kuongeza uzito wa kitulizo hakuyaondoi. Kupunguza wavu kunayasogeza karibu zaidi na mpaka lakini urefu wake unabaki uleule.

Una njia tatu. Kuyavumilia, kama swali lako ni kimo au jumla ya maji. Kuzipa nodi za mpakani nakala mbili, moja kwa kila tabaka, na kuunganisha kijenzi cha kuvuka mpaka peke yake. Au kuhamia toleo lenye elementi zilizoachana (zisizoshirikiana nodi) la Hughes, Masud na Wan, la mwaka 2006, ambalo limebaki na kitulizo hikihiki. Kwa tabaka mbili tatu za udongo wa kawaida mimi huchagua njia ya pili; kwa miamba iliyochanganyika ovyo haifai, utachoka kunakili nodi.

## Ukikwama

Usitume picha. Tuma namba hizi: K kubwa na K ndogo kwa vipimo ulivyotumia; kile kilichobaki kwenye karatasi yako baada ya w = v na q = p; kasi uliyopata kwenye jaribio la maji yanayoshuka, ambayo ilipaswa kuwa 0.0342, na tofauti kati ya maji yanayotoka na yaliyowekwa. Namba nne hizo zinanionyesha kosa lilipo kabla sijafungua faili lako.